Nyoka chotara: haibridi na intagredi si kitu kimoja

Nenda Tengeru sokoni siku ya Jumamosi uulize watu watatu "chotara" ni nini. Utapata majibu matatu, na kila mmoja atakuwa na uhakika kabisa.

Muuza pembejeo atakuonyesha pakiti ya mahindi. Mzee mwenye ng'ombe wa maziwa atakwambia kuhusu mtamba wake, mama yake zebu na baba yake Friesian. Wa tatu, aliyesoma kidogo, atakutajia baghala, yule mnyama anayezaliwa punda dume akimpanda farasi jike.

Wote watatu wako sahihi kwa Kiswahili cha kila siku. Kwa anayefuga au kuzalisha nyoka, hata vinyonga, jibu hilo halitoshi, kwa sababu neno hilo moja linabeba mambo mawili tofauti: haibridi na intagredi. Ukiyachanganya unaweza kuuza mnyama kwa jina la uongo bila kujua, na ukaharibu ukoo ambao huko porini uko mlima mmoja tu duniani. Mlima wenyewe unauona kutoka hapo hapo sokoni kama mawingu hayajashuka. Tutaufikia.

Tuanze na maana

Wanyama hupangwa kwa spishi. Chini ya spishi moja panaweza kuwa na nususpishi, yaani makundi ya spishi hiyo hiyo yanayoishi maeneo tofauti na yaliyoanza kutofautiana kwa rangi, ukubwa au umbo, lakini bado ni ndugu wa karibu.

Haibridi ni mtoto wa spishi mbili tofauti. Baba spishi hii, mama spishi ile.

Intagredi ni mtoto wa nususpishi mbili za spishi moja. Porini hutokea hasa pale mipaka ya makundi hayo mawili inapokutana. Hapo utakuta wanyama ambao hawako huku wala kule, na sura yao hubadilika polepole kadiri unavyotembea kutoka eneo moja kwenda jingine.

Mfano rahisi kuuona kwa macho hauhusu nyoka, unahusu kuro. Kuro wa upande wa mashariki ana duara jeupe matakoni, kama vile amekalia kiti cha choo kilichopakwa rangi. Kuro wa upande wa magharibi, anayeitwa defassa, hana duara, ana baka jeupe lililojaa. Wote ni spishi moja. Katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi makundi hayo yanakutana, na wapo kuro wenye alama ya katikati: duara limeanza kujaa, au baka limeanza kutoboka. Hao ndio intagredi. Hakuna aliyewapandisha, wamekutana wenyewe.

Baghala ni haibridi, hakuna ubishi. Farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, na baghala anabaki na 63 ambazo hazigawanyiki vizuri kwa mbili. Ndiyo maana karibu mabaghala wote ni tasa. (Baghala huitwa pia nyumbu, jina ambalo tumempa mnyama wa Serengeti. Nyumbu wa Serengeti si chotara wa kitu chochote, hata kama sura yake inafanya watu wacheke.)

Mahindi chotara, je? Hapo wazazi wote ni mahindi, spishi moja, ila mistari miwili iliyotunzwa mbalimbali. Wataalamu wa mazao huita hiyo haibridi, wataalamu wa nyoka hawaiiti hivyo. Neno moja, fani mbili.

Ng'ombe wa maziwa wa Tengeru yuko katikati ya ubishi. Wapo wanaomhesabu zebu kama spishi yake mwenyewe, na wapo wanaosema zebu na ng'ombe wa Ulaya ni nususpishi mbili za ng'ombe mmoja. Ukikubaliana na hao wa pili, mtamba wa yule mzee ni intagredi mwenye maziwa mengi.

"Haibridi ni tasa." Si kweli

Huu ndio uongo unaorudiwa sana, na umetokana na baghala. Watu hupima hivi: akizaa ni intagredi, asipozaa ni haibridi. Kipimo hicho hakifanyi kazi.

Pale Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, kima wa bluu na kima wa mkia mwekundu wamekuwa wakizaana kwa muda mrefu sana. Ni spishi mbili tofauti, na machotara wao wanazaa. Watafiti walipopima vinasaba vya mitokondria, vile anavyorithi mtoto kutoka kwa mama tu, walikuta hata kima wanaoonekana kuwa wa mkia mwekundu kamili wana vinasaba vya kima wa bluu. Yaani huko nyuma kabisa kuna bibi wa bluu katika kila ukoo.

Kule Laikipia, Kenya, punda milia wa kawaida na punda milia wa Grevy nao wanazaana. Kromosomu za mmoja ni 44, za mwenzake ni 46, na bado machotara wao wana watoto.

Kwa nyoka ni hivyo hivyo, tena zaidi. Wafugaji wa Marekani na Ulaya wamewazalisha nyoka wa spishi tofauti, wakati mwingine hata wa jenasi tofauti, na watoto wakakua wakazaa wenyewe. Yule nyoka wa mahindi wa Marekani, ambaye ni maarufu sana kwa wafugaji, ameshachanganywa na nyoka mfalme wa California na uzao ukaendelea vizazi kadhaa.

Kwa hiyo kuzaa au kutozaa hakukwambii ni kipi. Kinachoamua ni wazazi wamewekwa kwenye kundi gani. Na hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa magumu, kwa sababu makundi hubadilishwa.

Chatu wetu: jana nususpishi, leo spishi

Kwa muda mrefu Afrika nzima kusini mwa Sahara ilihesabiwa kuwa na chatu mkubwa mmoja, Python sebae. Jina hilo lilitolewa mwaka 1789, kwa heshima ya Albertus Seba, mfamasia wa Uholanzi aliyekusanya wanyama na kuchapisha michoro yao. Mwaka 1840 Andrew Smith alimpa chatu wa kusini jina lake, natalensis, kutokana na Natal. Lakini kwa miaka mingi wengi waliona ni mnyama yule yule.

Mwaka 1984 Donald Broadley, mtaalamu wa nyoka aliyefanya kazi Zimbabwe, alipitia upya chatu hao na kuwagawa nususpishi mbili: wa kaskazini na wa kusini. Mwaka 1999 akaenda hatua moja mbele, akasema wa kusini ni spishi kamili, Python natalensis. Wataalamu wengi leo wanamfuata.

Tofauti yenyewe usitegemee kuiona ukiwa umesimama mita kumi. Inaonekana kichwani. Chatu wa kaskazini ana alama nyeusi zilizokolea juu ya kichwa na chini ya jicho, na magamba ya mbele ya kichwa ni makubwa kiasi. Wa kusini alama hizo zimefifia au hazipo, magamba yamevunjika kuwa madogo madogo, na kwa kawaida mwili nao ni mdogo kidogo.

Sasa swali. Maeneo yao yanakutana Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Chatu akipatikana huku kwetu akiwa na kichwa ambacho si cha huyu wala si cha yule, tumwite nani?

Kati ya 1984 na 1999, kwa mpangilio wa Broadley mwenyewe, jibu lilikuwa intagredi. Kuanzia 1999 ni haibridi. Chatu hajabadilika hata gamba moja. Kilichobadilika ni karatasi.

Nimeona watu wakicheka wakisikia hivyo, wakisema basi sayansi yenyewe ni mchezo wa majina. Mimi sioni hivyo. Jina ni muhtasari wa ushahidi uliopo siku hiyo, na ushahidi ukiongezeka muhtasari unabadilika. Ila kwa mfugaji lipo la kujifunza: usiandike "haibridi" au "intagredi" peke yake kwenye kumbukumbu zako. Andika wazazi ni nani na walitoka wapi. Majina yatabadilika, "dume kutoka Musoma, jike kutoka Handeni" haibadiliki.

Yaliyotokea Florida

Huenda unasema: hayo ni ya wasomi, mimi nafuga tu. Basi tazama Florida, Marekani.

Kule kwenye kinamasi cha Everglades kuna chatu wa Burma waliotokana na biashara ya wanyama wa kufugwa: wengine walitoroka, wengine waliachiwa na wenyewe walipokuwa wakubwa mno kulisha. Wamezaana hadi kuwa janga kwa wanyama wa asili wa pale.

Mwaka 2018 watafiti walichapisha matokeo ya vinasaba vya chatu karibu 400 wa huko. Kati yao 13 walikutwa na alama za vinasaba vya chatu wa India. Kwa kuwatazama hungejua, walionekana chatu wa Burma wa kawaida.

Mchanganyiko huo watafiti walisema huenda ulitokea kabla hata ya nyoka hao kuingia porini. Na ukumbuke, hadi mwaka 2009 chatu wa Burma alihesabiwa nususpishi ya chatu wa India. Mfugaji aliyewachanganya miaka ya tisini alikuwa anatengeneza intagredi, jambo ambalo wengi walilichukulia poa. Mwaka 2009 wakatenganishwa kuwa spishi mbili, na uzao wake ukageuka haibridi akiwa amelala.

Hofu ya watafiti ilikuwa hii: chatu wa Burma hupenda maji maji, wa India huishi hata sehemu kavu. Mchanganyiko unaweza kuwapa nyoka hao uwezo wa kukaa sehemu ambazo mzazi mmoja peke yake asingeweza. Mnyama wa kwenye kasha akishafika porini na vinasaba vya watu wawili, huwezi kumrudisha.

Kinyonga wa Meru

Sasa turudi mlimani. Hapa sitazungumzia nyoka, lakini suala ni lile lile, na ni la kwetu.

Mlima Meru una kinyonga wake, dume lake lina pembe tatu usoni. Ni mmoja wa jamii ya kinyonga wa Jackson, aliyepewa jina mwaka 1896 kwa heshima ya Frederick Jackson, ambaye baadaye alikuwa gavana wa Uganda. Nususpishi ya Meru ilitambuliwa mwaka 1958 na Stanley Rand, akaiita merumontanus, yaani wa mlima Meru. Ni mdogo kuliko ndugu zake wa Kenya. Porini anajulikana kutoka mlima huu.

Ndugu yake mkubwa, xantholophus, anatoka miteremko ya Mlima Kenya. Huyo ndiye aliyesambaa duniani. Mwaka 1972 baadhi walifika Hawaii kupitia biashara ya wanyama wa kufugwa, wakaachiwa nje, wakazaana. Leo wapo wengi visiwani humo, wanakula konokono na wadudu wa asili wa kule, na ni kutoka Hawaii soko la Marekani limepata wengi wa vinyonga wa aina hiyo. Kisheria na kimaumbile bado ni mnyama wa Mlima Kenya, ila pasipoti yake ni ya Hawaii.

Fikiria sasa mfugaji wa Ulaya ana dume wa xantholophus na jike wa merumontanus. Dume la Meru limekufa, hakuna jingine sokoni. Anaona ni afadhali kuwaweka pamoja kuliko jike akae bure. Watoto wakizaliwa (vinyonga hawa huzaa, hawatagi) watakuwa intagredi.

Kibaolojia hakuna kosa kubwa, ni spishi moja. Kwa mfugaji wa mapambo, watoto watakuwa wazuri tu, pengine wakubwa kidogo. Tatizo linakuja kizazi cha pili na cha tatu. Mmoja wao atafanana na Meru kiasi cha kutosha, atauzwa kama Meru, ataunganishwa na Meru halisi wa mwisho wa mtu mwingine. Baada ya miaka kumi huna tena ukoo wa Meru nje ya Meru, una kitu kinachofanana nao tu.

Hapa ndipo natofautiana na wanaosema haibridi ndiyo hatari na intagredi haina neno. Haibridi ya spishi mbili zisizofanana mara nyingi inajitangaza yenyewe. Ukiona nyoka mwenye kichwa cha huyu na mistari ya yule unashtuka, unauliza. Intagredi hajitangazi. Anapita katikati ya orodha kimya kimya, na ndiye anayefuta mistari.

Na ikitokea siku moja wataalamu wakaamua kinyonga wa Meru ni spishi kamili, kama ilivyotokea kwa chatu, wale waliochanganya watagundua kwamba walichonacho hakina jina kabisa.

Mambo yanaweza kwenda upande wa pili pia. Yule nyoka mdogo mnene wa mchangani wa nchi kavu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania, Eryx colubrinus, aliwahi kugawanywa: wa huku akaitwa loveridgei, kwa heshima ya Arthur Loveridge aliyefanya kazi Tanganyika, na wa Misri akabaki na jina la spishi. Wataalamu wengi leo hawautambui tena mgawanyo huo. Wafugaji wengi bado wanawatunza mbalimbali kwa majina ya nchi, na nadhani wanafanya vizuri.

Wenye sumu: hapa si suala la majina tu

Kifutu wa kawaida na kifutu wa Gabon (yule wa msituni, mwenye mabaka kama zulia, ambaye hapa kwetu yuko kwenye misitu ya mashariki kama Usambara) ni spishi mbili. Kule Zululand, Afrika Kusini, limewahi kurekodiwa porini tukio la hawa wawili kuchanganya damu. Ni nadra, kwa kuwa mmoja anapenda nyika na mwingine msitu, lakini pale msitu unapokatwa na nyika kuingia, wanakutana.

Chotara wa namna hiyo ana sumu ya nani? Kwa kawaida sumu ya haibridi huwa na vitu kutoka pande zote mbili, kwa viwango ambavyo huwezi kuvikisia kwa kumtazama.

Hata ndani ya spishi moja sumu hutofautiana kwa eneo. Kuna nyoka wa jangwa la Mojave, Marekani, mwenye njuga mkiani. Baadhi yao wana sumu inayoshambulia zaidi mishipa ya fahamu, wengine wana sumu inayoharibu damu na nyama. Kule Arizona makundi hayo yanapokutana kuna nyoka wenye zote mbili. Kwa nje ni nyoka yule yule.

Kwa bahati nzuri dawa ya sumu ya nyoka inayotengenezwa Afrika Kusini kwa ajili ya nyoka wengi kwa pamoja inahusu kifutu wa kawaida, kifutu wa Gabon, swila na koboko, kwa hiyo kwa machotara wa vifutu hao daktari bado ana pa kuanzia. Lakini nyoka wa mitini anayeitwa boomslang ana dawa yake ya peke yake, na dawa ile ya jumla haimsaidii aliyeumwa naye. Anayefuga nyoka wenye sumu bila kujua asili yao anamwachia daktari kitendawili saa ambayo hakuna muda wa kutegua.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuumwa na nyoka kunaua watu kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka duniani, na mwaka 2017 liliingiza tatizo hili kwenye orodha ya magonjwa ya tropiki yaliyosahaulika. Wengi wa hao ni wakulima na wafugaji vijijini, ambao hawajawahi kufuga nyoka. Upande wa magharibi wa Arusha, Meserani Snake Park wana zahanati inayotibu watu walioumwa na nyoka, na ukifika pale utaelewa haraka kwamba jambo hili ni la wachungaji na watoto zaidi kuliko la watalii.

Ukiumwa, usihangaike kumkamata nyoka ili upeleke hospitali. Tulia, usikisogeze kiungo kilichoumwa, vua pete na saa, nenda kituo cha afya haraka. Usichanje, usifyonze.

Rangi si damu

Kuna kundi la tatu ambalo watu hulitupia kwenye kapu la chotara bila kosa lake: nyoka wa rangi za ajabu.

Yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa, ambaye Ghana, Togo na Benin wamemuuza nje kwa wingi, leo anapatikana kwa rangi nyingi mno: weupe, wa njano, wasio na mistari. Wengi wa hao si haibridi wala si intagredi. Ni spishi moja, ukoo mmoja, mabadiliko ya vinasaba vya rangi yaliyochaguliwa na kuendelezwa na wafugaji. Ni kama mbuzi mweupe na mbuzi mweusi wa zizi moja.

Ukikutana na nyoka mweupe Tengeru au Usa River, basi, uwezekano mkubwa ni zeruzeru wa spishi yake. Usianze hadithi.

Utajuaje?

Kwa macho, mara nyingi huwezi. Wataalamu huhesabu mistari ya magamba mgongoni na magamba ya tumboni, hutazama magamba ya kichwa, hulinganisha na wanyama wa maeneo yanayojulikana. Kwa kizazi cha kwanza hiyo inaweza kutosha, kwa kuwa watoto wa kwanza huwa wamekaa katikati. Kuanzia kizazi cha pili sura zinatawanyika: mmoja anafanana na bibi, mwingine na babu, na kuhesabu magamba hakukusaidii tena.

Vipimo vya vinasaba vinasaidia, lakini viulizwe swali sahihi. Kipimo cha mitokondria peke yake kinakwambia ukoo wa mama tu. Chotara wa baba mgeni atapita kama mama yake kabisa. Wale kima wa Gombe na wale chatu wa Florida walieleweka kwa kulinganisha vinasaba vya mitokondria na sura ya mnyama au vinasaba vingine.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni daftari. Na hapa wafuga ng'ombe wa Arumeru wanaweza kuwafundisha wafuga nyoka wa dunia nzima. Pale Usa River, kilomita chache kutoka Tengeru, kuna Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji, NAIC, kinachozalisha mbegu za madume bora. Mbegu inatoka na utambulisho wa dume na aina yake. Mfugaji anayefuata taratibu anaandika tarehe, dume, jike, ndama. Ndiyo maana mzee wa kijijini anaweza kukwambia ng'ombe wake ana damu ya Friesian asilimia 75, na ukifuatilia ukakuta ni kweli. Hajapima vinasaba, ameandika.

Uandishi wa nyoka una desturi zake. Haibridi huandikwa majina ya spishi mbili yakiwa na alama ya x katikati. Intagredi huandikwa jina la spishi mara moja, halafu majina ya nususpishi mbili na x katikati yao. Kwa mfano Trioceros jacksonii, kisha merumontanus x xantholophus. Ukiona muuzaji ameweka jina moja tu na bei ya juu, na hawezi kutaja wazazi, uliza tena.

Na sheria inasemaje?

Kwanza, hapa Tanzania huwezi kuokota chatu shambani au kinyonga mlimani ukaanza kufuga. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro wasimamizi ni TAWA. Mwaka 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mwaka 2022 yalitangazwa maandalizi ya kuruhusu kwa miezi sita wafanyabiashara waliobaki na wanyama wawasafirishe, kelele zikawa nyingi, na waziri akasimamisha.

Pili, wapo wanaodhani uchotara ni mlango wa nyuma: mnyama hayumo kwenye orodha kwa jina lake, basi hahusiki. Si hivyo. Chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, chotara mwenye mzazi wa spishi iliyoorodheshwa ndani ya vizazi vinne vilivyopita anahesabiwa kana kwamba ni spishi hiyo. Chatu wote wamo kwenye orodha za mkataba huo, na kinyonga wa Jackson yumo pia. Intagredi ndiyo hana pa kujificha kabisa, maana spishi yake ni ile ile iliyoandikwa.

Ukimkuta chatu shambani kwako, piga simu kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri au TAWA, na umwachie njia. Ukiweza kumpiga picha ya kichwa kutoka mbali kwa kukuza, ipige, upande wa juu na pembeni penye jicho. Huku kaskazini ndiko chatu wa aina mbili wanakokutana, na picha ya namna hiyo, ikiwa na jina la kijiji na tarehe, ina faida kwa watu wa TAWIRI pale Njiro kuliko hadithi ya nyoka mwenye urefu wa gari.